Osileta ya megahezi 7 isiyohamahama: mwongozo kamili wa kuijenga Nairobi

Osileta yangu ya kwanza, yaani saketi inayojitengenezea wimbi la redio, ilianza kutetema mara tu nilipoiunganisha na betri. Furaha ilidumu dakika mbili hivi. Nikasogeza kiti, na ule mlio niliokuwa nikiusikiliza redioni ukapanda kama firimbi ya refa. Nikaweka mkono mezani, ukashuka. Ilipofika saa sita mchana, jua limeshachoma mabati, ilikuwa imehama masafa hadi nikaipoteza kabisa.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi iko wapi. Kuanza kutetema si shida. Hata amplifaya iliyojengwa vibaya hutetema bila kuombwa. Shida ni kuifanya ikae pale ulipoiweka, asubuhi ya baridi ya Julai na alasiri ya Februari. Kila uamuzi ulio hapa chini, kuanzia aina ya kapasita hadi kopo la kufunikia, nimeufanya kwa sababu hiyo moja.

Tunachojenga

Ni osileta ya kuzungusha inayotembea kutoka megahezi 7.000 hadi 7.200. Hicho ndicho kipande cha mita 40 (urefu wa wimbi lake) ambacho wapenzi wa redio wa Kenya hutumia, kwa kuwa tuko katika Kanda ya Kwanza ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, pamoja na Afrika yote na Ulaya. Osileta hiyo hiyo inaweza kuwa moyo wa redio ya kupokea na baadaye wa mtambo wa kurusha.

Nilitangulize jambo la sheria. Kurusha mawimbi kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, nawe utapewa jina la hewani linaloanza na 5Z4. Bila leseni, jenga upande wa kupokea, na ukitaka kujaribu upande wa kurusha ufanyie kwenye mzigo wa mezani, yaani rezista zinazomeza nguvu mahali pa antena, kamwe si kwenye antena.

Yowe la maikrofoni

Umewahi kuwa kanisani mhubiri akapita mbele ya spika na maikrofoni ikapiga yowe? Hiyo ni osileta. Sauti inatoka kwenye spika, inaingia tena maikrofoni, amplifaya inaikuza, inatoka ikiwa na nguvu zaidi, inarudi tena. Mwanafizikia Mjerumani Heinrich Barkhausen aliliweka jambo hili kwa masharti mawili: ishara ikimaliza mzunguko mzima lazima irudi na nguvu isiyopungua ile iliyoanza nayo, na lazima irudi kwa hatua ile ile, kilele juu ya kilele.

Kanisani, umbali kati ya spika na maikrofoni ndio huamua yowe litakuwa jembamba au nene. Kwetu anayeamua ni koili na kapasita zilizounganishwa pamoja, na transista inarudisha tu nguvu inayopotea. Ndiyo maana mhubiri akisogea yowe hubadilika, na ndiyo maana mkono wangu ulibadilisha mlio: uliongeza pikofaradi (kipimo cha kapasita) chache mahali pasipotakiwa.

Tutatumia mpangilio wa Edwin Colpitts, mhandisi mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi Marekani. Uzuri wake ni kwamba koili haihitaji tawi la katikati. Kugawanya ishara ni kazi ya kapasita mbili, na kapasita nzuri ni rahisi kununua kuliko koili nzuri kusokota.

Hesabu, kabla hujaenda mjini

Usiende Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki, bila karatasi yenye thamani. Utarudi na mfuko uliojaa vitu vinavyokaribiana na ulivyotaka.

Kanuni ninayoitumia kila siku ni hii: koili kwa mikrohenri, mara kapasita kwa pikofaradi, ni sawa na 25,330 kugawanya kwa mraba wa masafa kwa megahezi. Nimechagua koili ya mikrohenri 1.6. Kwenye 7.0, mraba ni 49, na 25,330 ukigawanya kwa 49 unapata karibu 517. Gawanya kwa 1.6 upate pikofaradi 323. Kwenye 7.2 utapata 305. Kwa hiyo kapasita ya kuzungusha inatakiwa kubadilika kwa pikofaradi 18 tu, na hizo 305 zilizobaki ziwe imara.

Zigawe hivi. Kapasita mbili za Colpitts ni za pikofaradi 470 kila moja. Zikifuatana zinakuwa 235. Zinaungwa na koili kupitia kapasita ya 100, na mnyororo huo wote unaonekana kwa koili kama pikofaradi 70. Sambamba na koili weka 220 ya kudumu. Jumla ni 290. Waya na koili yenyewe huongeza tano hivi.

Zinabaki za kuzungusha. Fungua redio ya mfukoni iliyokufa, ile ya AM, utoe kapasita yake ya plastiki ya kutafutia stesheni. Sehemu yake kubwa hutoka kama pikofaradi 5 hadi 140, ambazo ni nyingi mno kwetu. Ukiifuatisha na kapasita ya 27, inageuka kuwa takribani 4 hadi 22.6. Ni badiliko la 18, kama tulivyotaka. Pikofaradi tano au sita za kumalizia zitatoka kwenye trima ndogo ya kurekebishia kwa bisibisi.

Kwa nini nisiweke tu kapasita kubwa ya kuzungusha nikaachana na hizi hesabu? Kwa sababu plastiki ile inatanuka kwa joto na mhimili wake unalegea. Ikiwa na usemi wa pikofaradi 18 kati ya 323, uhuni wake hauna madhara makubwa.

Koili

Viini vya unga wa chuma vyenye rangi ya njano, vinavyoitwa T50-6, ni vizuri sana: mizunguko 20 hutoa mikrohenri 1.6 kamili. Ila mara nyingi utaviagiza nje. Ukitaka kuanza leo, nunua kipande cha bomba la PVC la kupitishia nyaya za stima, lenye kipenyo cha nje cha milimita 20. Waya wa shaba wenye vanishi wa milimita 0.8 utaupata kwa mafundi wanaosuka mota. Wengi watakupa mabaki kwa bei ya chai.

Zungusha mara nane, zikae ndani ya urefu wa milimita 8 hivi. Hesabu ya koili ya hewa inatoa karibu mikrohenri 1.6, na kosa dogo utalirekebisha kwa kubana au kuachanisha mizunguko. Vuta waya ukiwa umekazwa, toboa matundu mawili ya kufungia ncha, na ukwangue vanishi hadi shaba ing'ae kabla ya kusolda. Vanishi isiyokwanguliwa imewafanya watu wengi watupe transista nzima.

PVC hutanuka kwa joto kuliko shaba, kwa hiyo koili hii ni ya kujifunzia. Ukishaona mzunguko unafanya kazi, sokota nyingine juu ya kichupa cha kioo cha dawa ya sindano. Pima kipenyo chake na urudie hesabu. Chukua nusu kipenyo kwa sentimita, pamoja na nusu ya unene wa waya. Zidisha mraba wake kwa mraba wa mizunguko, kisha kwa 0.394. Gawanya kwa jumla ya nusu kipenyo mara 9 na urefu wa koili mara 10. Jibu ni mikrohenri.

Kapasita ndizo zinazokuponza

Nilipokuwa nikitafuta 470 za osileta ile ya kwanza, kijana wa dukani alinimwagia mezani vidude vya kahawia vya duara. Nikamwuliza kama ni NP0, aina isiyoyumba kwa joto. "Kapasita ni kapasita, boss. Hii inafanya." Nikabeba. Kosa si lake. Ni mimi niliyekuwa na karatasi mkononi.

Fanya hesabu uone. Kapasita ikibadilika kwa asilimia 1, masafa hubadilika kwa nusu ya hapo, yaani asilimia 0.5. Nusu ya asilimia ya megahezi 7.1 ni kilohezi 35. Kapasita za kauri za daraja la X7R zinaruhusiwa kutangatanga hadi asilimia 15 katika upeo wao wote wa joto. Jua la saa sita halihitaji hata kutumia robo ya ruhusa hiyo.

Unachotaka ni NP0, ambayo wengine huiandika C0G. Hii hairuhusiwi kubadilika zaidi ya sehemu 30 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Za zamani za duara huwa na rangi nyeusi kichwani. Mika ya fedha na polistirini nazo ni nzuri, hasa ukizinyofoa kwenye redio za kale. Kapasita sita zinazogusa koili, yaani 470 mbili, 100, 220, 27 na trima, usizifanyie ubahili. Kwenye njia ya umeme wa kawaida, yale maduara ya kahawia yanatosha kabisa.

Soma pia maandishi vizuri. 221 ni pikofaradi 220, lakini 220 ni pikofaradi 22. 471 ni 470, 101 ni 100, 103 ni nanofaradi 10, 104 ni nanofaradi 100.

Transista na umeme wake

2N3904 inatosha na kubaki. Ukiambiwa haipo lakini BC547 ipo, ichukue, ila kumbuka miguu yake imegeuzwa. Ukiwa umeshika ubapa ukikutazama na miguu ikielekea chini, 2N3904 inasomeka kutoka kushoto: emita, besi, kolekta. BC547 inasomeka kolekta, besi, emita. Niliwahi kuipachika kinyume na bado volti zikaonekana kwenye emita, kwa sababu transista ikigeuzwa bado hupitisha umeme. Nguvu yake ya kukuza ndiyo inayokufa. Nilitafuta kosa jioni nzima.

Chanzo kiwe betri ya volti 12 ikipitia kidhibiti cha 78L08, ili osileta ipate volti 8 zisizoyumba hata betri ikishuka. Kutoka kwenye 8, pitia rezista ya omu 100 hadi kolekta, na kolekta hiyo ishushwe kwenye bodi (shaba yake ndiyo ardhi ya saketi, upande hasi wa betri) kwa kapasita ya nanofaradi 100. Besi inapata rezista mbili za omu 47,000, moja kutoka kolekta na nyingine hadi bodi. Emita inashuka kwa rezista ya omu 2,200.

Ishara inapita hivi. Mguu mmoja wa koili uko kwenye bodi, mwingine nitauita kichwa. Kutoka kichwani hadi bodi kuna 220, trima, na ile ya kuzungusha yenye 27 yake. Kutoka kichwani hadi besi kuna 100. Kati ya besi na emita kuna 470, na kati ya emita na bodi kuna 470 nyingine. Imeisha. Ichore kwenye karatasi mara mbili kabla hujashika chuma cha kusoldia.

Kuijenga

Usitumie ile bodi ya plastiki yenye matundu ya kuchomekea. Kila safu yake ni kapasita ndogo dhidi ya jirani yake, na vifaa vinatikisika ndani. Kwenye masafa haya mtetemeko ni sauti.

Chukua kipande cha bodi tupu yenye shaba upande mmoja, ukubwa wa nusu kiganja. Shaba yote ni ardhi ya saketi. Chochote kinachoenda ardhini, kisolde moja kwa moja hapo. Visivyoenda ardhini vikutane hewani juu ya vipande vidogo vya bodi ulivyovigandisha kwa gundi kama visiwa. Haipendezi kwa macho, lakini ni imara, na kila waya unaweza kuwa mfupi. Waya wowote unaogusa koili usizidi urefu wa kucha ya kidole gumba.

Koili ikae mbali na ukuta wa kopo angalau kwa kipenyo chake, na mbali na kidhibiti cha umeme kinachopata joto.

Kisha tafuta kopo la bati la maziwa ya unga. Linakubali solda, linazuia mkono wako, na linazuia upepo wa dirishani, ambao ni adui kuliko watu wanavyodhani.

Kuiwasha

Kwanza usiunge koili. Washa, pima kwa multimita. Besi iwe karibu volti 3.8, emita karibu 3.1. Hiyo 3.1 juu ya omu 2,200 ni miliampea 1.4, zinazotosha kuanzisha mtetemo kwa nafasi nzuri bila kuipasha transista joto. Emita ikiwa sifuri au chini mno, angalia miguu. Emita ikikaribia 8, kuna solda imevuka mahali.

Sasa unga koili. Acha ncha ya mita kwenye emita na uguse kichwa cha koili kwa kidole. Volti zikisogea hata kidogo ulipogusa, inatetema. Zisiposogea, haitetemi: rudi kwenye ile vanishi.

Kujua iko wapi, redio ya masafa mafupi iliyo karibu itanyamaza ghafla pale inapoikuta. Kama una kidude cha USB cha RTL-SDR, yaani kipokezi cha redio cha kuchomeka kwenye kompyuta, vingi vyake havishuki chini ya megahezi 24, lakini usikate tamaa. Osileta hutoa pia vizidishe vya masafa yake, na cha nne cha 7.0 kinaangukia 28.0. Sikiliza huko. Hata ni bora, kwa sababu ikihama hezi 100 utaona hezi 400, na hakuna pa kujificha.

Zungusha kapasita kuu hadi ijifunge kabisa, kisha rekebisha trima hadi usome 7.000. Fungua yote, uone kama umefika 7.200. Ukipungukiwa, ongeza ile 27 iwe 33. Ukizidi sana, ishushe iwe 22. Kopo likifunikwa masafa yatasogea. Toboa tundu la bisibisi juu ya trima ili urekebishe likiwa limefungwa.

Daftari la nusu saa

Washa ikiwa baridi. Andika masafa kila dakika kwa dakika 30. Ikihama haraka dakika za mwanzo halafu ikatulia, hilo ni joto la transista na rezista. Lizoee, na uiwashe mapema kabla ya kazi. Ikipanda au kushuka bila kikomo, ni kapasita au koili. Puliza hewa ya mdomo kwenye kapasita moja moja kupitia mrija wa soda. Ile itakayorusha masafa ndiyo yenye hatia.

Ikiruka kwa vipande badala ya kuteleza, ni kiungo baridi cha solda (kisichoshika vizuri) au mhimili wa kapasita ya kuzungusha. Ikitikisika lori likipita barabarani, gandisha koili kwa gundi ya epoksi, tone chache tu.

Bafa, kisha kupokea

Usiunge kitu chochote moja kwa moja na osileta. Kutoka emita pitia pikofaradi 22 hadi besi ya 2N3904 ya pili, yenye rezista zile zile za 47,000, kolekta kwenye volti 8, na emita ya omu 1,000. Toa ishara kwenye emita hiyo kupitia nanofaradi 10. Hiyo ndiyo bafa, na kazi yake ni kuificha osileta isijue kinachoendelea nje.

Kwa kupokea, njia fupi kuliko zote ni kuchanganya moja kwa moja. Ipe SA612, chipu ya kuchanganya ishara, ishara ya antena upande mmoja, na kwenye mguu wa 6 ishara ya bafa, ukiipunguza kwa rezista ya kuzungusha hadi kama milivolti 200 au 300 kilele hadi kilele. Tofauti ya masafa hayo mawili ni sauti yenyewe. Mtu akipiga msimbo wa Morse kwenye 7.0200 nawe ukaweka 7.0207, utasikia mlio wa hezi 700. LM386, chipu ya kukuza sauti, itaukuza: mara 20 ikiwa peke yake, mara 200 ukiweka mikrofaradi 10 kati ya miguu ya 1 na 8. Antena ya waya ya nusu wimbi ni mita 20 hivi kwa jumla, kumi kila upande. Ploti ya futi 50 kwa 100 inaitosha. Sikiliza kuanzia saa moja jioni, mawimbi ya mbali yanapoanza kufika.

Wapo watakaosema nunua moduli ya Si5351, chipu inayotengeneza masafa kidijitali, uiunge na Arduino, kompyuta ndogo ya kuiamuru, umalize. Ni kweli, haihami. Ninayo moja. Lakini ikikataa kufanya kazi hutajua ukague nini.

Kurusha

Baada ya bafa hufuata kikuzaji kidogo, kikuzaji kikubwa, kisha kichujio cha kupitisha masafa ya chini, ambacho si cha hiari: bila hicho, utakuwa pia kwenye 14 na 21. Mzigo wa mezani ni rezista mbili za omu 100 za wati 2, zikiwa sambamba, na zisiwe za aina ya waya uliozungushwa.

Ufunguo wa Morse ukate umeme wa vikuzaji, kamwe usikate wa osileta. Kisha bonyeza huku ukisikiliza kwenye redio nyingine. Mlio ukianza chini na kukwea kila unapobonyeza, kama kifaranga, osileta inavutwa. Pima volti 8 wakati wa kubonyeza. Zikishuka, kidhibiti kimekosa volti za kutosha kutoka betrini. Zikibaki 8 kamili, ongeza bafa ya pili, na usiguse koili.